Chakula cha Kijapani kinakugomea? Anza kuangalia hapa kabla hujalaumu mchele

Mi natokea Tanga, mume wangu ni mtu wa Aichi na tunaishi huko huko kwao, karibu na Nagoya. Nilivyoolewa nilikuwa najua kupika, tena sio kidogo, mtu uliyekulia kwenye nyumba inayouza vitumbua na chapati kila asubuhi huwezi kuja kuambiwa hujui jiko. Ila mwezi wa kwanza Japani nilishindwa kupika wali. Wali jamani! Nikalia bafuni afu nikatoka nikakaanga mayai.

Sasa kuna wadada kadhaa (na kaka mmoja, mkewe Mjapani, yeye ndio mpishi wa nyumba) wananiulizaga maswali yaleyale kila siku, nimeona niyaandike yote sehemu moja. Angalia kilichotokea kwenye sahani yako, tafuta hapa, rekebisha. Sitaki kukupa mapishi mwanzo mpaka mwisho, mapishi yako kila kona. Shida ni pale umefuata mapishi na bado kimekataa.

Kitu kimoja kwanza. Kwetu chakula kikikataa tunaongeza, ongeza chumvi, kamulia ndimu, tia nyanya nyingine, chochea moto. Kule karibu kila nilipoharibu dawa ilikuwa kupunguza, au kuepua mapema. Kwa hiyo ukikwama usikimbilie kabati la viungo, angalia maji na angalia saa.

WALI UMEKUWA MGUMU, AU UMEKUWA BOKOBOKO

Chanzo namba moja ni kikombe, na hakuna mtu anakwambia. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na raiskuka ni mililita 180, ni kipimo chao cha zamani wanakiita gō, kinabeba kama gramu 150 za mchele mkavu. Kikombe cha kupimia cha kawaida unachonunua dukani ni mililita 200. Mi kile kidogo nilikitupa nikidhani ni cha dawa, nikawa napima mchele kwa cha 200 afu namimina maji mpaka kwenye mstari wa 3 ndani ya sufuria ya mashine, kumbe mistari ile imehesabiwa kwa 180. Mchele umezidi, maji hayajaongezeka, wali unatoka na kiini. Kama umekipoteza pima mililita 180 kwa jagi ya kawaida, yameisha.

Bokoboko je? Mara nyingi umeosha ukaacha maji ya kuoshea chini, afu ukapimia mengine juu yake. Chuja vizuri kwanza. Au ni vuli na umenunua mchele mpya, wenyewe wanauita shinmai, huo una unyevu wake tayari, kwa hiyo maji yakae chini ya mstari kidogo. Kuna mwingine umeandikwa 無洗米 kwenye mfuko, huo hauoshwi kabisa, na wenyewe unataka maji yapande juu ya mstari kidogo.

Kuosha nako, maji ya kwanza yamwage haraka sana, mchele mkavu unakunywa yale maji ya mwanzo na harufu ya pumba inaingia humo humo. Baada ya hapo zungusha kwa vidole taratibu mara tatu nne, sio kusugua kama unafikicha kunde. Maji hayahitaji kutakata kabisa. Kama unapika kwa sufuria ya kawaida uloweke nusu saa, kwenye baridi saa nzima, na ukizima moto uache umefunikwa dakika kumi bila kuchungulia. Nyumbani tungepalia mkaa juu ya mfuniko, huku mvuke wenyewe ndio unamalizia kazi.

Afu mafuta, chumvi, iliki, hapana. Najua. Ila mboga zao zina chumvi ya kutosha na wali ndio unaopoza mdomo. Na usipoteze wiki mbili kama mimi ukijaribu kuufanya uchambuke kama wa Kyela. Ni mchele mfupi, unanata kwa maumbile yake, na ungekuwa haunati ungeushikaje kwa vijiti?

SUPU YA MISO INA LADHA YA MAJI YA CHUMVI

Hujaweka dashi. Sina haja hata ya kuiona. Umechemsha maji, ukakoroga miso (rojo ya soya iliyochachushwa), ukaweka tofu (ile kama jibini ya soya), basi. Miso sio supu, ni kama chumvi na kiungo kwa pamoja, supu yenyewe ni dashi, yaani maji yaliyotolewa ladha kwenye mwani mkavu uitwao kombu, au samaki katsuo aliyekaushwa akaparuliwa kama maranda ya seremala, au vyote viwili. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa kombu akapata glutamate ndani yake, akaiita ile ladha umami. Ndio hiyo unayoikosa kwenye bakuli lako.

Kwa lita moja ya maji mi naweka kombu gramu 10, nailoweka nusu saa, nawasha moto mdogo, na vipovu vikianza tu kupanda pembeni naitoa. Ukiiacha ichemke supu inakuwa na utelezi na uchungu wa baharini. Baada ya hapo natia maranda ya katsuo gramu 20, dakika moja au mbili, nachuja. Usikamue, jamani, najua mkono unawasha kwa sababu tumezoea kukamua tui mpaka tone la mwisho, ila ukikamua hapa unapata mchuzi wenye uvundo wa samaki.

Halafu ya tatu ndio ninayoipenda: niboshi. Siku ya kwanza kuiona supamaketi nilicheka peke yangu kwenye korido, ni DAGAA! Vidagaa vya baharini vilivyochemshwa vikakaushwa. Hapo ndio nikajua hii nchi tutaelewana. Ukivitumia supu ikawa chungu, hujatoa vichwa na yale matumbo meusi. Bana kichwa, pasua, kwangua kile cheusi kwa ukucha, loweka usiku kucha kwenye friji, asubuhi chemsha kidogo utoe. Bibi yangu alikuwa anachambua dagaa hivohivo kwenye ungo, tofauti ni kwamba sisi tunamla dagaa na wao wanakunywa maji yake.

(Dashi ya unga inaruhusiwa, usijione mvivu, wanawake wengi tu wa Kijapani ninaowajua wanaitumia. Ila nyingi zina chumvi tayari, kwa hiyo punguza miso.)

Ikiwa dashi umeweka na bado supu haina harufu, umechemsha miso. Zima moto kwanza ndio uikoroge kwenye upawa, kidogo kidogo, mwishoni kabisa.

Halafu kuna tatizo la miso yenyewe, na hapa nina kisa. Kwa hawa watu wa Aichi miso ni nyekundu karibu na nyeusi, imetengenezwa kwa soya peke yake bila mchele, imekaa muda mrefu, kali, ina kaukakasi fulani. Mi sikujua nikanunua nyeupe ya mtindo wa Kyoto kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri, nikampikia mama mkwe. Okaasan akaonja, akaweka bakuli chini taratibu, akasema "amai ne." Mi nikafurahi! Kamusi yangu ilisema amai ni tamu. Nikamwongezea bakuli la pili, akainywa yote maskini. Usiku mume wangu ndio akanieleza kwamba amai ni tamu ya sukari tu, sio tamu kama tunavyosema sisi chakula kitamu, na supu ya kila siku kwao haitakiwi kuwa na sukari. Kwa hiyo kabla hujanunua miso, muulize mwenzio alikulia wapi, au fungua friji ya mama yake uone rangi.

VIAZI VINA CHUMVI NJE, NDANI HAVINA KITU

Hii ni nikujaga, viazi na nyama, au kitu chochote cha kuchemsha na soya sosi. Umetia soya sosi kabla ya sukari. Wana wimbo wao, sa shi su se so, sawa na sisi tungesema a e i o u: sukari (satō), chumvi (shio), siki (su), soya sosi (zamani iliandikwa kwa kuanza na se), miso. Ndio mpangilio wa kuingiza kwenye sufuria. Sukari inapenya polepole kwa hiyo inatangulia, chumvi ikiwahi inakaza chakula na sukari inabaki nje inagonga hodi. Soya sosi na miso vinakuja mwisho kwa sababu ya harufu yao.

Pili, umepakua moto moto kutoka jikoni. Ladha inaingia chakula kikiwa kinapoa. Zima, acha nusu saa, pasha tena wakati wa kula. Mi nikujaga napika mchana tu.

Tatu, mchuzi hauvifikii viazi vya juu. Usiongeze maji! Kata karatasi ya kuokea mviringo kama sufuria, toboa katikati, ilaze juu ya chakula chenyewe, mchuzi utapanda na kurudi. Wenyewe wana kifuniko cha mbao cha kazi hiyo.

Na kama chakula kina rangi hafifu kabisa lakini chumvi inakata ulimi, angalia chupa. Kuna soya sosi inaitwa usukuchi, maana yake kama nyepesi, nami nikaelewa ni ya chumvi kidogo, ya wenye presha. Kumbe nyepesi ni rangi tu, chumvi yake ni kama asilimia 18 au 19 wakati ile nyeusi ya kawaida ni kama 16. Nilikuwa naangalia rangi naona bado, naongeza, naona bado, naongeza. Mume wangu alikunywa maji usiku kucha.

UMESIMAMA DUKANI MBELE YA RAFU NA HUJUI KIPI KINA POMBE AU NGURUWE

Hii ni ya Waislamu wenzangu, wengine rukeni. Mume wangu alisilimu kabla ya ndoa lakini ukweli ni kwamba kwenye kusoma lebo alikuwa ananitegemea mimi nisiyejua kusoma.

Mirin ni kiungo kitamu cha majimaji cha mchele. Ile halisi, hon mirin, ina pombe kama asilimia 14, inauzwa kama pombe na mashine ya kulipia inakuuliza umri. Ile ya "mtindo wa mirin" iko chini ya asilimia moja, ni sharubati ya sukari zaidi. Sake ya kupikia (pombe ya mchele) ni pombe pia, tena nyingi zimetiwa chumvi, kwa hiyo hata ambaye hajali pombe aangalie chumvi yake. Soya sosi inapochachuka inatoa pombe kidogo yenyewe, na nyingine pamoja na baadhi ya miso zimeongezewa ili zisiharibike, hizo tafuta neno 酒精 kwenye viambato. Mi sitoi fatwa, kila mtu na shekhe wake. Ninachofanya nyumbani kwangu ni kununua ambazo hazina hilo neno, na kila kijiko kikubwa cha mirin kwenye mapishi naweka kijiko kimoja cha chai cha sukari na maji kidogo. Kung'aa kwa teriyaki (nyama au samaki wa soya sosi na sukari) kunatokana na sukari, kutang'aa tu. Shombo ya samaki ambayo wao wanaiondoa kwa sake mi naiondoa kwa tangawizi.

Kinachouma ni vile vipande vya kari vya boksi, vya kuyeyusha kwenye mchuzi. Unaona picha ya karoti na viazi kwenye boksi unajua salama, kumbe ndani kuna mafuta ya nguruwe. Okaasan, ambaye hajasilimu wala hana mpango huo, ndiye aliyenifundisha. Alivaa miwani, akashika boksi karibu na dirisha, akasoma zile herufi ndogo zote kwa sauti kama anasoma risala, afu akachukua kalamu akazungushia moja: 豚. Nguruwe. Chini yake akaniandikia ラード, mafuta yake. Akalibandika lile boksi kwenye friji na sumaku, mpaka leo liko pale.

KARI ILIKUWA NZITO JANA, LEO NI MAJI

Hii ilinichanganya kuliko zote. Unapika sufuria kubwa, inakamata vizuri, kesho yake unafunua unakuta mchuzi wa kuogea. Jibu ni mate. Umeonja kwa kijiko ukakirudisha kwenye sufuria, kwenye mate kuna kimeng'enya kinachovunja wanga, na uzito wa kari yao ni wanga wa ngano. Au umetia asali mwishoni ili iwe tamu kwa watoto, asali nayo ina kimeng'enya hichohicho. Onja kwenye kisahani pembeni, na asali itie mapema ichemke dakika ishirini nzima.

Ikiwa na madonge, ulitia vipande sufuria ikitokota. Zima, subiri itulie, vunjavunja utie, koroga viishe, ndio uwashe moto mdogo.

Na wewe unayelaza kari kwenye jiko usiku kwa sababu "ya kesho ndio tamu", acha. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata ukichemsha, wanaamka mchuzi ukiwa unapoa kwenye sufuria nzito, na Wajapani wenyewe wanaonyana kila mwaka. Gawa kwenye vyombo vifupi, ipoe haraka, tia friji. Kwa joto la Nagoya mwezi wa nane, ambalo linafanana na Tanga ila bila upepo, sio mchezo.

TEMPURA IMEKUWA BAJIA

Umekoroga sana. Bajia unapiga unga mpaka mkono uchoke, tempura (mboga au kamba wa kuchovya kwenye unga na kukaanga) unakoroga kama hutaki, kwa vijiti, madonge ya unga kavu yabaki. Maji yawe ya baridi ya friji kabisa, na uchanganye mafuta yakiwa yameshapata moto, sio kabla. Ukiupiga, ngano inavutika kama chapati na inanyonya mafuta. Dondosha tone la uji ule wa unga kwenye mafuta, likizama nusu na kurudi juu ni tayari, kama digrii 170 au 180. Likifika chini kabisa, subiri.

SAMAKI MZURI, LAKINI MTU ANAULIZA SAMAKI YUKO WAPI

Kuna samaki wao anaitwa saba, ni kibua. Nilimpaka kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili, ndimu, bizari, nikamchoma kwenye kile kidroo cha kuchomea chini ya jiko la gesi. Mume wangu akala akasema kitamu, ni samaki gani? Saba, anayemla tangu ana meno! Kwao nyunyiza chumvi pande zote, acha dakika 15, atatoa vijasho, vifute kwa karatasi kwa sababu shombo iko humo, choma. Pembeni figili nyeupe iliyokunwa. Nakiri kwa saba wao mwenye mafuta hivi wako sahihi. Kwa samaki wetu changu hawako sahihi na sitobadilika.

ANASEMA OISHII (KITAMU) LAKINI HAMALIZI

Kabla hujanuna angalia sahani. Nilikuwa napakua kwetu, sinia moja, mlima wa wali na mchuzi umemwagiwa juu. Mume wangu alikulia bakuli la wali kushoto, supu kulia, mboga kila moja na kichombo chake, na anakula kidogo huku kidogo kule. Ukimwagia mchuzi juu ya wali kwake umeshamchafulia ule wali mweupe. Nilipotenganisha tu, chakula kilekile kikaisha. Vyombo vya kuosha vikawa kumi na sita, hilo nalo tulilimaliza kwa njia nyingine, anaosha yeye.

Vijiti usivichomeke wima kwenye wali hata kama unakimbilia mtoto, hivo ni wali wa maiti.

UMEPIKA VIZURI, WAMEKULA, WEWE NDIO HUJASHIBA

Hii haina aibu. Tumbo limezoea mafuta na nazi, halafu unalipa supu na tofu. Mi siku ya ijumaa ni yangu, na wao wanajua.

Usitumie mchele wao kwenye wali wa nazi, tui linaukaba unakuwa kitumbua kibichi. Tafuta mchele mrefu wa Thailand kwenye duka la halali, vikombe viwili vya 180, kopo moja la tui la mililita 400, maji nusu kikombe, chumvi. Tumia sufuria, maana kwenye raiskuka tui linashika chini na mashine inadhani wali umeiva inajizima. Moto mdogo, funika, subiri. Ukoko unaobaki chini usiuloweke, wao nao wana jina lake, okoge, na Okaasan akija ijumaa anashika mwiko mwenyewe anaukwangua kabla hajavua hata koti.